LineageOS kwenye simu ya mtumba: tathmini kutoka Mombasa

Simu ninayoitathmini hapa ni Google Pixel 4a, iliyotoka mwaka 2020 na kuachwa mkono na mtengenezaji wake mwaka 2023, lakini kinachopimwa hasa ni mfumo endeshi niliouweka ndani yake baada ya kuufuta ule iliokuja nao, yaani LineageOS toleo la 22, ambalo limejengwa juu ya Android 15. Nimeutumia mfumo huu kila siku hapa Mombasa, kazini na nyumbani, na hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji asihangaike kuitafuta. Kwa mtu ambaye malipo yake mengi hupitia M-Pesa, mfumo huu unatosha kabisa, na kwa mambo kadhaa unaipita Android ya dukani. Kwa mtu asiyeweza kuishi bila programu ya benki yake mkononi, wakati haujafika.

Yafaa kwanza ieleweke tunazungumzia nini. Karibu kila simu janja isiyo iPhone inayouzwa kandokando ya Barabara ya Digo na ile ya Moi tayari imebeba programu huria: chini kabisa kuna kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alianza kukitengeneza mwaka 1991, na juu yake kuna Android, ambayo msimbo wake chanzo hutolewa hadharani na Google ili yeyote ausome, aubadilishe na ausambaze. Kilichofungwa ni kile kinachorundikwa juu ya hapo: huduma za Google, programu za mtengenezaji zisizofutika, matangazo, na kufuli linalomzuia mwenye simu kuweka mfumo mwingine. LineageOS huichukua Android ile iliyo wazi, huiacha bila nyongeza hizo, na kuifanya iende hata kwenye simu ambazo watengenezaji wameshazisahau. Mradi huu ulizaliwa Desemba 2016, kampuni ya Cyanogen ilipofunga huduma zake. Mtangulizi wa LineageOS, CyanogenMod, mfumo ambao kampuni hiyo iliusimamia, ulianzishwa mwaka 2009 na Steve Kondik, na kampuni ilipoanguka msimbo ulibaki wazi kwa wote, wakajitokeza watu wa kujitolea wakauendeleza kwa jina jipya. Historia hiyo ndiyo inayonifanya niuamini kuliko ahadi ya kampuni yoyote, kwa sababu umeshashuhudia kifo cha kampuni yake na ukabaki hai.

Kijana aliyeniuzia simu hii alikuwa mkweli. “Ami, simu ni nzima, lakini apdeti zake zishakoma,” aliniambia kabla sijatoa pesa. Alisema kweli, kwani Google iliifikisha Pixel 4a kwenye Android 13 ikaishia hapo, ingawa chombo chenyewe, chenye kumbukumbu ya gigabaiti 6, hifadhi ya gigabaiti 128 na skrini nzuri ya OLED, bado kina nguvu za kutosha kwa kazi za mtu wa kawaida. Simu za namna hii zimejaa mjini mwetu. Zinaletwa kutoka nchi ambako watu wamezichoka, zinanunuliwa na wanafunzi, wachuuzi na makarani, na zinaendelea kutumika kwa miaka huku dosari za usalama zinazogunduliwa zikibaki bila kuzibwa. Kwa LineageOS, simu hiyohiyo imepata matoleo mawili zaidi ya Android, na viraka vya usalama ambavyo Google huvitangaza kila mwezi huingizwa na watunzaji wa mradi bila malipo yoyote.

Kuusakinisha kunahitaji kompyuta, waya mzuri wa USB na subira. Mtu huingia kwenye mipangilio ya wasanidi, yaani watunga programu, huruhusu kufuli la mtengenezaji lifunguliwe, kisha hutuma amri chache kutoka kwenye kompyuta kwa kufuata maelekezo ambayo mradi umeyaandika kwa kila aina ya simu peke yake. Kulifungua kufuli hufuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo picha na majina ya watu yahifadhiwe kwingine kwanza. Tangu hapo, kila simu inapowashwa hutokea onyo kwamba kufuli liko wazi. Onyo hilo halina madhara, ila huwashtua wanaolishuhudia mara ya kwanza. Maelekezo yameandikwa kwa Kiingereza, na asiyekuwa na uzoefu ni bora amlipe fundi anayeifahamu kazi hii na akae naye mpaka amalize.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kila kitu kwetu sisi. Mifumo huria ya simu iliyojaribu kutoka mwanzo kabisa ilikwama kwa sababu watu hawakukuta humo vitu wanavyovitumia. Mozilla, shirika lenye kivinjari cha Firefox, ilipoleta simu za Firefox OS mwaka 2013, hapakuwa na WhatsApp rasmi, na miaka michache baadaye mradi huo wa simu ukasitishwa. LineageOS haina tatizo hilo kwa kuwa ni Android, na programu za Android huenda humo. Lakini hapa Kenya kuna swali kubwa kuliko WhatsApp: je, nitalipia vipi nauli, mboga za soko la Kongowea, umeme na ada ya shule?

Jibu ni kwamba M-Pesa, tangu ilipozinduliwa Machi 2007, ilijengwa kwa ajili ya simu duni kabisa za wakati ule, na ujenzi huo haujabomolewa. Menyu yake ni programu ndogo inayokaa kwenye laini yenyewe. Laini huiomba simu ionyeshe maneno fulani na ipokee namba ya siri, kisha ujumbe uliofichwa hutumwa kupitia mtandao wa simu. Huo ni utaratibu wa zamani wa kimataifa ambao Android ya wazi imeubeba tangu mwanzo, wala haumuulizi mtu kama simu yake imeidhinishwa na Google. Nilipotia laini, menyu ilijitokeza miongoni mwa programu nyingine bila mimi kugusa chochote. Kutuma, kutoa kwa wakala na kulipa kwa Lipa na M-Pesa kulifanya kazi, na hata pale muuzaji anapotuma ombi la malipo kutoka upande wake, dirisha la kuingiza namba ya siri hufunguka kama kwenye simu nyingine yoyote. Namba *334# ya M-Pesa inajibu. Tiketi ya treni ya Madaraka kwa *639# inapatikana. Msomaji wa Ulaya akiuliza kama mfumo huria unafaa kwa maisha ya kawaida, huanza kuhesabu programu za malipo zinazokataa kufunguka; sisi tumepata bahati kwamba pochi yetu iko kwenye laini, na laini haijali mfumo.

Nilichagua kuanza bila huduma za Google kabisa, ingawa mradi unamruhusu mtu kuziongeza wakati wa usakinishaji. WhatsApp huchukuliwa kwenye tovuti yake yenyewe. Nyingine nyingi nilizipata F-Droid, ghala la programu huria lililoanzishwa mwaka 2010, ambako hakuna akaunti ya kufungua. Organic Maps, inayotumia ramani za OpenStreetMap, imenifaa kuliko nilivyotarajia: ramani hupakuliwa mara moja kwa Wi-Fi, na baada ya hapo vichochoro vya Mji wa Kale huonekana vyema hata bando likiwa limekwisha. Programu chache zinazotegemea Google kupeleka taarifa huchelewa kumwarifu mtu, na asiyevumilia hilo aziongeze huduma hizo tangu siku ya kwanza.

Kipengele ninachokipenda kuliko vyote ni kidogo na hakitangazwi sana. Kwenye LineageOS kila programu ina swichi za kuiruhusu au kuizuia kutumia intaneti, ya data na ya Wi-Fi kila moja kwa upande wake. Kibodi haina haja ya intaneti, nikaifungia. Tochi na kinasa sauti vivyo hivyo. Anayenunua bando la siku kwa shilingi zake chache anajua maana ya megabaiti zinazoyeyuka usiku akiwa amelala, na mfumo huu unamrudishia mamlaka juu ya pesa hizo kwa namna ambayo simu ya dukani niliyokuwa nayo haikuwahi kuniwezesha. Kiswahili nacho kipo na kinasomeka vizuri, isipokuwa baadhi ya kurasa za mipangilio ambazo LineageOS imeziongeza yenyewe. Tafsiri hizo hufanywa na watu wa kujitolea, na Pwani hii haikosi wanaoweza kuzikamilisha.

Kamera imeshuka. Programu ya kamera ya mfumo, iitwayo Aperture, ni safi na rahisi, lakini haina ule ufundi wa Google wa kuchakata picha za gizani uliowafanya watu waisifu Pixel. Mchana hutaona tofauti kubwa, usiku utaiona. Mwenye laini mbili pia ajue kwamba Pixel 4a ina nafasi ya laini moja tu ya kawaida, na ya pili lazima iwe ya kielektroniki (eSIM), ambayo kuisajili bila huduma za Google kunahitaji ufundi wa ziada. Betri sikuona haja ya kuilalamikia.

Tatizo halisi ni benki. Programu ya benki ninayoitumia ilifunguka, ikaeleza kwamba kifaa hakiaminiki, ikajifunga. Nyuma ya kukataa kwa namna hii huwa kuna huduma ya Google iitwayo Play Integrity, inayoiarifu programu kama simu imeidhinishwa na kama kufuli lake halijaguswa. Nia yake inaeleweka, kwa sababu wizi wa mitandaoni ni mwingi na benki ina wajibu wa kulinda akiba za watu. Ila matokeo yake si ya haki: simu ya zamani ambayo haijapata kiraka kwa miaka kadhaa inaweza kupita ukaguzi wa kawaida kwa sababu tu haijafunguliwa, huku simu yenye viraka vya mwezi huu ikikataliwa. Nimebaki kutumia huduma ya benki kwa namba za nyota, nayo inanitosha. Mfanyabiashara anayeidhinisha malipo makubwa kila siku haitamtosha.

Kwa upande wa usalama ni lazima niseme yote. Kufuli lililo wazi humpa nafasi zaidi mtu aliyeishika simu mkononi, jambo ambalo abiria wa matatu na wa feri ya Likoni hawapaswi kulipuuza, na LineageOS haishauri kulifunga tena baada ya usakinishaji. Tena viraka vya mradi haviwezi kufika kwenye programu za ndani za chipu na za sehemu inayopokea mtandao wa simu, ambazo mtengenezaji wake pekee ndiye anayezitoa. GrapheneOS, mfumo mwingine huria unaoendeshwa kwenye simu za Pixel, huruhusu kufuli lifungwe tena kwa ufunguo wake na hutilia mkazo ulinzi kuliko LineageOS. Mwenye uwezo wa kununua Pixel mpya zaidi aanzie huko.

Mifumo hii sasa inawafikia hata wasiotaka kuona amri za kompyuta. Nchini Ufaransa, Gaël Duval, mwanzilishi wa Mandrake Linux, mfumo huria wa kompyuta, alianzisha /e/OS, iliyotokana na LineageOS, na kampuni ya Murena huuza simu zikiwa nayo tayari, zikiwamo za Fairphone ya Uholanzi. Wakati huohuo Android ya dukani inabanwa: Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba wasanidi wa programu watatakiwa kujitambulisha kwake hata wanaposambaza programu nje ya ghala lake, kuanzia Septemba 2026 katika nchi nne zikiwamo Brazili na Indonesia, na baadaye kwingineko. Baada ya malalamiko, ikasema itawaachia njia watumiaji wenye uzoefu. Simu yenye LineageOS bila huduma za Google haiguswi na sharti hilo, na naona sababu hiyo itawaleta wengi ambao hapo awali hawakuwa na haja ya kuhama.

Hata hivyo, Mombasa haitahama kwa wingi kupitia Pixel. Simu za watu hapa ni Tecno, Infinix na itel, na kwa sehemu kubwa hazimo kwenye orodha ya simu ambazo LineageOS inazitunza rasmi, kwa kuwa bila msimbo wa kiini cha simu na uwezo wa kulifungua kufuli lake watu wa kujitolea hawana pa kuanzia. Leseni ya Linux inamtaka mtengenezaji autoe msimbo huo. Wanunuzi wakianza kuuliza dukani kama simu inafunguka, kama wanavyouliza ukubwa wa betri, huenda watengenezaji hao wakasikia.

Anayetaka kununua Pixel ya mtumba kwa ajili hii asilipe kabla ya kufanya ukaguzi mmoja. Aunganishe simu na intaneti, aingie kwenye mipangilio ya wasanidi, na aangalie swichi ya kuruhusu kufuli lifunguliwe. Kama imefifia na haiguswi, huenda simu hiyo iliuzwa kwanza na mtandao wa Verizon wa Marekani, ambao simu zake za Pixel hazifunguliki. Amrudishie muuzaji, aombe nyingine.