Mustang ya 1968 baada ya kubadilishwa springi na shokapu: uzoefu wangu

Kama una Ford Mustang ya kati ya 1967 na 1970 na unataka ishike kona bila kukuvunja mgongo, anza na matundu mawili ya drili kila upande wa mbele, shokapu nzuri, na alaimenti iliyopigwa kwa vipimo vya matairi ya leo. Vile vifurushi vya dola elfu kadhaa vinavyokutaka ukate chuma cha mbele viache kwanza. Nasema hivi baada ya kuifanya kazi yote kwenye langu, la milango miwili lenye V8 (injini ya silinda nane) ya inchi za ujazo 302, hapa San Antonio, Texas, na kuliendesha kwenye jua kali, kwenye mvua na kwenye vilima.

Mustang ilizinduliwa Aprili 1964, na chini yake ilibeba mengi ya Ford Falcon, gari dogo la familia la bei nafuu. Halina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Mbele, springi imekalia mkono wa juu (chuma kinachoshika gurudumu kwa juu), ndani ya mnara wa chuma ulio kando ya injini. Nyuma ni ekseli nzima juu ya springi za vyuma bapa, mtindo wa pikapu. Halafu puani wakaweka V8 ya chuma cha kutupwa. Kwenda moja kwa moja linakwenda, na sauti yake sijachoka kuisikia mpaka leo. Kona ndiyo ilikuwa shida. Gari linalala, tairi la nje linapinduka kutazama nje wakati ndiyo kwanza unalihitaji likanyage sawasawa, na pua inang'ang'ania kwenda mbele hata ukikata usukani. Kwenye barabara kuu ya I-10 lilikuwa linatangatanga, mikono haipumziki.

Matundu niliyoyataja ndiyo dawa ya kwanza, na ni ya zamani kama gari lenyewe. Mhandisi wa Ford aitwaye Klaus Arning alipiga hesabu akaona kwamba ukishusha sehemu ambapo mkono wa juu umefungwa kwenye mnara, tairi litaegemea ndani kadiri springi inavyobonyea. Timu ya Carroll Shelby, mjenzi wa magari ya mbio, ikaitumia hesabu hiyo kwenye Mustang yake ya GT350 ya 1965: inchi 1 kwenda chini. Wakati wa toleo la 1966 wakaiacha ili kupunguza gharama, lakini mafundi wa mbio hawakuisahau. Unanunua bati la kupimia, unalifunga kwenye matundu ya zamani, unaweka alama, unatoboa. Mimi niliishia kwenye inchi 1 hiyohiyo. Wapo wanaoshusha zaidi, ila ukipita hapo boljointi ya juu, kiungo cha duara kinachounganisha mkono na gurudumu, inaanza kufanya kazi kwenye pembe mbaya na utahitaji kabari maalumu ya kuisahihisha. Kwa gari la barabarani sioni sababu.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa nguvu zote. Springi ya mbele ya gari hili, ikiwa imebanwa, inaweza kuua mtu. Usitumie kibanio cha bei poa cha kushika kwa nje. Kiko kibanio chake kinachoingia ndani ya springi kupitia juu ya mnara, baada ya kutoa shokapu, na maduka mengi ya spea hapa yanakiazima kwa dhamana. Bolti yake ipake grisi, zungusha kwa spana ya mkono, na usikae uso ukiielekea. Jirani yangu, Mkongomani wa Bukavu aliyenisaidia, alikuwa akiniambia kila mara, "Kaka, polepole, hatuna haraka," na kweli hatukuwa nayo.

Springi nilizoweka ni za ratili 620 kwa inchi (ndio uzito unaoibonyeza inchi moja), fupi kidogo kuliko za kiwandani, gari likashuka inchi moja hivi. Ni ngumu kuliko za zamani, ila si kwa kiwango cha kukutoa machozi. Stabilaiza ya mbele, fimbo inayounganisha pande mbili ili gari lisilale kwenye kona, niliweka ya unene wa inchi 1. Watu wanaidharau stabilaiza kwa sababu kwa macho ni fimbo tu ya chuma, lakini ugumu wake hupanda haraka mno kuliko unene: fimbo nene mara 2 ni ngumu mara 16. Kwa hiyo tofauti ndogo ya unene kwenye duka ni tofauti kubwa barabarani. Pesa ndogo, matokeo makubwa. Kama ungenipa ruhusa ya kununua kitu kimoja tu, ningenunua hicho.

Shokapu ni Koni, zile nyekundu za magari ya zamani. Hapa ndipo pesa zangu nyingi zilipokwenda na sijuti hata senti. Unaweza kuongeza ukali wake: unaitoa, unaibonyeza mpaka mwisho, unaizungusha. Nilizifunga kwenye ulaini wa kiwandani, nikaendesha, kisha nikaongeza kidogo za mbele. Tofauti yake na shokapu za kawaida unaiona baada ya tuta. Zamani bodi ilipanda, ikashuka, ikapanda tena kama jahazi lililoachiwa mawimbi ya nyuma. Sasa inapanda mara moja, inakaa. Mke wangu, ambaye hana habari na mambo ya magari, aliketi kiti cha mbele akasema linatulia kuliko zamani. Nikajua tumefika, maana lengo halikuwa gari gumu, lilikuwa gari tulivu.

Kuhusu bushi, vile vipande laini vinavyokaa kwenye viungo vya vyuma, maoni yangu yatawaudhi baadhi ya wakuu. Bushi za plastiki ngumu zinasifiwa kila mahali, na kwenye stabilaiza nakubali kabisa, nimezitumia. Lakini ile fimbo inayotoka mkono wa chini kwenda mbele, inayozuia gurudumu lisirudi nyuma, iachie mpira. Fimbo hiyo inahitaji kupinda kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka. Ukiibana kwa kitu kigumu, mzigo unahamia kwenye chuma, na fimbo za namna hiyo zimewahi kukatika. Mpira wa kawaida, na nati za bushi zote za mpira ukaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, siyo likiwa juu ya jeki. Ukikaza likining'inia, mpira unakuwa umejikunja muda wote na unachanika mapema.

Kwenye kiti cha springi juu ya mkono wa juu niliweka vile vyenye beringi badala ya vya mpira. Ule mlio wa kitanda kibovu unaosikika kwenye Mustang nyingi umekwisha, na gurudumu linapanda na kushuka kwa wepesi. Mikono ya chini, kwa upande mwingine, ilinipa tabu. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alinitumia jozi ambayo mpira wa bushi ulikuwa tayari una nyufa ndani ya boksi. Alinirudishia pesa baada ya kuvutana, nikanunua kwingine. Kagua kila spea kabla hujafungua gari, maana magari haya yana spea mpya nyingi sana, na si zote zinafanana ubora.

Nyuma sina mengi ya kusimulia: springi mpya za vyuma bapa zinazoshusha inchi 1, pingu mpya za kushikilia ncha za springi, Koni. Kazi yenyewe ni rahisi, kutu ndiyo mateso. Juu ya injini nilifunga kile kiunzi cha chuma cha kipande kimoja kinachounganisha minara na ukuta wa mbele ya dereva, kilichobuniwa kwa ajili ya magari yaliyosafirishwa nje ya Marekani, pamoja na fimbo ya kuunganisha mnara na mnara. Minara hii hupata nyufa kwa uzee, kwa hiyo ukishafungua, isafishe na uiangalie kwa tochi.

Kisha alaimenti. Vipimo vya kitabu cha 1968 viliandikwa kwa matairi ya nyuzi za mshazari ya enzi hizo. Kwa radiali, yaani matairi ya leo, havifai. Kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani kwenda nyuma, kiwandani ilikuwa karibu na sifuri. Nilimwomba fundi anipe digrii 3. Kemba, yaani mlalo wa tairi likitazamwa kwa mbele, nilitaka nusu digrii kwenda ndani, na matairi yakutane mbele kwa inchi 1/8. Gereji ya kwanza ilinikatalia, kompyuta yao ikisema vipimo ni vyekundu. Nikaenda kwa mzee mmoja wa Kimeksiko anayeyajua magari haya tangu ujana wake. Alisoma karatasi yangu, akaitikia kwa kichwa, akaanza kazi. Kuanzia 1967 kemba inarekebishwa kwa bolti ya mkono wa chini na kasta kwa nati za ile fimbo ya mbele, hivyo hakuna haja ya vipande vya bati kama kwenye matoleo ya mwanzo. Usukani umekuwa mzito kidogo wakati wa kuegesha, ila barabarani unarudi katikati wenyewe na gari linanyooka.

Nililipeleka kwenye Ranch Road 337, kati ya Medina, Vanderpool na Leakey, ambako kona zinafuatana na upande mmoja ni korongo. Pua inaingia ninapoiambia iingie. Mwili unalala kidogo, kisha unashikilia hapo, na nyuma inafuata bila kurukaruka. Katikati ya kona yenye mabaka ekseli ya nyuma bado inajitikisa, na kwa ekseli nzima nadhani ndivyo itakavyokuwa.

Gharama yote, bila matairi, ilikaribia dola 2,000. Wanaokata minara na kufunga mfumo wa aina ya Mustang II ya miaka ya 1970 wanapata nafasi ya injini kubwa zaidi, na kama hiyo ndiyo shida yako, sawa. Mimi 302 yangu inaenea vizuri. Pesa iliyobaki nimeiwekea breki za diski za mbele, kwa sababu sasa gari linafika kwenye kona kwa kasi ambayo breki za ngoma haziipendi, na boksi la usukani nalo lina mchezo unaohitaji kutazamwa kabla ya kiangazi.