Faiba nyumbani Forest Mpya: laini nzuri, ruta nyonge

Niseme kwanza kile ambacho majirani wananiuliza kila siku: faiba ya nyumbani, yaani intaneti inayoletwa kwa waya wa uzi wa kioo, hapa Mbeya inafaa? Kwangu inafaa, na kwa kazi ya kompyuta sirudi tena kwenye bando za simu. Ila ruta, kile kiboksi cha kugawa intaneti ndani wanachokuletea pamoja na huduma, ni nyonge. Kama nyumba yako ni ya tofali za kuchoma kama yangu, tenga na hela kidogo ya ziada, maana bila hiyo mtandao utaishia sebuleni.

Nafanya kazi ya kubuni na kuchapa kadi: harusi, sendoff, kipaimara, na ratiba za ibada za misiba. Kompyuta mbili za mezani na printa zipo chumba cha uani. Laptopu natembea nayo, na watoto wana televisheni yao. Zamani nilitumia ruta ya laini ya 4G. Asubuhi ilikwenda vizuri, lakini jioni watu wakisharudi majumbani, ukimtumia mteja wa Tunduma faili la kadi unaweza kuinjika maharage yakaiva faili bado liko njiani.

Kifurushi nilichochukua ni cha megabiti 20 kwa sekunde. Hapa wengi wanalalamika kwamba wameibiwa, kwa sababu wakishusha faili wanaona 2.5 tu. Hujaibiwa. Kampuni zinauza kwa biti, kompyuta inaonyesha baiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa 20 kwa 8 utapata hiyo 2.5. Kwa kazi yangu inatosha kabisa, na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kupandisha faili kuna kasi ileile ya kushusha.

Fundi alikuja na waya mweusi mwembamba kutoka kwenye nguzo, akautoboshea ukutani. Kumwangalia akiunga ni burudani. Alimenya ganda kwa koleo, akaufuta uzi wa kioo kwa kitambaa chenye spiriti, akaukata, kisha akaulaza kwenye mashine ndogo yenye skrini. Uzi wenyewe una unene wa milimita 0.125. Kwenye skrini ncha mbili zikasogeleana, ikaruka cheche, zikawa kitu kimoja. Vile vipande alivyokata alivibandika kwenye selotepu kimoja kimoja, kwa sababu ni kioo na kikikuingia kidoleni hukioni. Kama una mtoto anayetambaa, simamia hapo mpaka vyote vimeokotwa. Na waya huo usiukunje kwenye kona kama wa umeme, mwanga hautapita.

Tukabishana kidogo mahali pa kuweka ruta.

“Mama, niiweke hapa nyuma ya TV, ndipo waya unapofika.”

“Hapana mwanangu, nyuma ya TV itamhudumia TV peke yake. Ilete koridoni.”

Akasema mita zinazidi alizopangiwa, nilipie. Nikalipia, na hiyo ndiyo hela bora niliyotoa siku ile. Koridoni, juu kidogo ya usawa wa kichwa, vyumba vyote vya nyumba kubwa vinapata mtandao.

Akishaondoka fundi, kazi inabaki kwako, na wengi hawaifanyi. Geuza ruta, chini kuna karatasi imebandikwa: jina la waifai, nywila yake, na anwani ya kuingilia kwenye mipangilio. Yangu ni 192.168.1.1, nyingine huwa 192.168.0.1. Unaiandika juu kabisa kwenye kivinjari, ukiwa tayari umeunganishwa na ruta. Badilisha nywila zote mbili, ya waifai na ile ya kuingilia kwenye mipangilio. Hii ya pili ndiyo inayosahaulika, na ukiiacha ya kiwandani, mgeni yeyote uliyempa waifai anaweza kuingia akakubadilishia kila kitu. Kwenye sehemu ya ulinzi wa waifai chagua WPA2, au WPA3 kama vifaa vyako vyote ni vipya. WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila, izime.

Ruta yangu inatoa mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na 5. Nilizipa majina tofauti ili nijue nimeshika ipi. Ile ya 5 ina kasi, lakini ukuta wa pili wa tofali unaimaliza. Ile ya 2.4 inapenya zaidi, ila huku mtaani kila nyumba ina yake na zinagombana. Niliiwekea chaneli, yaani njia ya mawimbi, namba 11. Chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, kwa hiyo angalia majirani wako wamejazana wapi uchague iliyo tupu.

Sasa uani. Kutoka koridoni mpaka chumba cha kazi kuna kuta tatu na bati, na kompyuta za mezani hata kipokezi cha waifai hazina. Nilinunua sokoni Mwanjelwa kebo ya mtandao ya aina ya Cat 5e, ya kupimiwa kwa mita. Muulize muuzaji kama ni shaba tupu, maana zipo za alumini iliyopakwa shaba, nyepesi mkononi na ukizikunja mara chache zinakatika. Kwa kiwango chake kebo hii inafika mita 100. Mimi sikuhitaji hata theluthi. Tuliipitisha kwenye bomba la plastiki ardhini na kijana mmoja wa mtaani anayejua kubana vichwa vya kebo. Rangi za nyaya za ndani alizipanga hivi, pande zote mbili sawa: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Ukikosea mpangilio, taa ya tundu haiwaki au inawaka kwa kusuasua.

Na mwisho wa kebo hiyo sikununua kifaa kipya. Nilichukua ile ruta yangu ya zamani ya 4G, yenye matundu manne nyuma. Kabla ya kuiunganisha niliipa anwani yake, 192.168.1.2, isije ikagongana na ya koridoni, kisha nikaizimia DHCP, yaani ile kazi ya kugawa anwani kwa vifaa. Kazi hiyo inatakiwa kufanywa na ruta moja tu. Zikifanya zote mbili, kompyuta moja itapata mtandao na nyingine itakuambia haina intaneti, na utazunguka siku nzima bila kuelewa. Kebo nikaichomeka kwenye tundu la LAN, yaani la vifaa vya ndani, huku na LAN kule. Kompyuta mbili zikaingia kwa waya, na waifai ya ruta ileile ikaanza kuhudumia laptopu na printa. Kasi ya uani sasa ni sawa na ya sebuleni.

Printa nyingi za waifai, yangu ikiwemo, hazioni gigahezi 5, kwa hiyo ziunge kwenye 2.4. Halafu ingia kwenye ruta kuu uitengee printa anwani ya kudumu, la sivyo umeme ukikatika na kurudi, inaweza kupewa anwani nyingine na kompyuta zinaanza kuitafuta. Windows ikikuuliza mtandao ni wa umma au binafsi, chagua binafsi, ndipo kompyuta zako zitaonana na kushirikiana mafaili.

Umeme ukikatika, faiba yenyewe haifi. Kinachokufa ni ruta yako. Betri ndogo ya volti 12 ya ruta inatatua hilo, mradi usome kwanza adapta yako imeandikwa volti ngapi na ampea ngapi. Radi ni suala jingine. Msimu wa mvua huku tunaujua. Uzi wa kioo haupitishi umeme wa radi, lakini adapta kwenye soketi inapitisha, na kebo ya shaba ya kwenda uani pia. Mawingu yakitanda upande wa mlima Loleza, mimi nachomoa vyote viwili.

Huduma kwa wateja ndiyo iliyoniudhi. Lori la viazi lilipita likavuta waya wetu uliokuwa umelegea, taa ya ruta iliyoandikwa LOS ikawa nyekundu. Taa hiyo ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki, na kuzima na kuwasha hakutasaidia. Lakini kila nikipiga simu naambiwa “dada, zima ruta, subiri dakika tano, washa.” Nilipopata wa kunielewa, nilisisitiza anipe namba ya malalamiko, na hata hivyo walikawia. Kazi za wateja nilizituma kwa hotspoti ya simu.

Fundi alipokuja kuunga upya nilimwomba aupandishe waya juu ya usawa wa Fuso iliyojaza mzigo, akaupandisha. Kama barabara yako inapita magari hayo, liseme siku ya kufungiwa, fundi angali juu ya ngazi.