Wikendi na watoto na Bibi kwenye kijiji cha mapumziko msituni: uzoefu wangu

Nianze na lile ambalo matangazo yao hulitaja kwa mstari mmoja tu, na ambalo kwangu ndilo lililostahili fedha yetu: ndani ya kijiji hakuna magari. Siku ya kuwasili unaruhusiwa kuingia na gari hadi mlangoni, unashusha mizigo na watoto, kisha unalirudisha kwenye maegesho yaliyo pembeni kabisa na hulioni tena mpaka siku ya kuondoka. Baada ya hapo ni miguu na baiskeli. Asiyewahi kulea mtoto wa miaka sita anaweza kuliona jambo dogo. Mimi nilimwona binti yangu akitangulia njiani, mbali kiasi cha kutosha, bila mtu kumwitia "rudi hapa, nishike mkono", ndipo nikatambua jinsi siku zetu za kawaida zinavyoishia kwenye makatazo.

Tulikwenda mimi na mume wangu, kijana wetu wa miaka tisa, dada yake wa miaka sita, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Vijiji hivi kwa kawaida huuza mapumziko kwa mafungu: Ijumaa hadi Jumatatu, au Jumatatu hadi Ijumaa. Sisi tulichukua la wikendi. Wageni wa zamu moja hutoka kwenye nyumba kabla ya saa nne asubuhi na wapya hukabidhiwa saa kumi jioni, na katikati hapo nyumba zote zinasafishwa. Mwenye akili hafiki saa kumi. Lango liko wazi tangu asubuhi, na bwawa, njia na viwanja vya michezo ni vyako kuanzia hapo. Unachosubiri ni ufunguo tu. Siku ya kuondoka ni vivyo hivyo: nyumba unairudisha asubuhi, lakini hakuna anayekufukuza msituni. Ukipanga vizuri, mapumziko yanarefuka pande zote mbili bila kuongeza senti. Wekeni nguo za kuogelea kwenye mkoba wa peke yake, juu ya mizigo mingine yote.

Wazo lenyewe lina historia, na nadhani linasaidia kujua unanunua nini. Mwaka 1968 Mholanzi Piet Derksen, mfanyabiashara wa vifaa vya michezo, alifungua kijiji cha De Lommerbergen karibu na Reuver, kusini mashariki mwa Uholanzi. Alitaka watu wa mijini wapate nyumba ndogo ya starehe katikati ya miti. Michoro aliifanya msanifu Jaap Bakema. Bwawa lililoezekwa, lenye joto na mimea ya nchi za joto, lilikuja baadaye, mwaka 1980 katika kijiji cha De Eemhof, na hilo ndilo lililowezesha watu kwenda hata kwenye baridi na mvua. Mwaka 1987 mtindo ukaingia Uingereza, kwenye msitu wa Sherwood. Tangu hapo wengi wameiga, wakubwa kwa wadogo. Sasa ukitembea ndani ya kijiji chochote cha aina hii unaweza kutenganisha mwenyewe: nyumba, miti na ukimya ni wazo la mwanzo, mengi ya yale unayouziwa juu yake ni nyongeza.

Na nyumba yetu, kwa kweli, ilikuwa imefikiriwa. Ukuta mzima wa sebule ulikuwa wa kioo unaotazama miti, na nyumba zimepangwa kwa kupishana, kila moja imegeuka kidogo, hivi kwamba tulijua tuna majirani kwa kusikia tu mlango ukifungwa. Jiko lilikuwa na kila kitu: oveni, friji, mashine ya kuoshea vyombo, masufuria ya kutosha watu watano. Kisu kilikuwa butu, chukueni chenu. Kiti kirefu cha mtoto na kitanda cha mtoto mchanga vinatolewa ukiomba mapema. Vitanda vizuri, godoro gumu kidogo, ambalo mama yangu alilisifia. Pazia la chumba cha watoto halikuziba mwanga, na hilo likawaamsha alfajiri zote.

Lakini kuamka huko kulikuwa na malipo yake. Asubuhi ya kwanza nilisikia kitu kinagonga kioo cha chini cha mlango wa baraza, tap, tap, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha. Nikavuta pazia. Bata jike, kahawia, amesimama kwenye kibaraza akitutazama kwa jicho moja, nyuma yake mwingine anayumba kuja. Watoto wakalala kifudifudi sakafuni, pua zao kwenye kioo, na bata naye akasogeza mdomo wake hapo hapo, upande wa pili.

"Mgeni huyo, mfungulieni basi," mama akasema kutoka jikoni.

"Bibi, wamesema tusiwape mkate," kijana akajibu bila kugeuka.

"Nani kasema mkate? Nimesema mfungulieni, mjukuu wangu."

Alikuwa na haki kijana. Mkate humjaza bata tumbo bila kumlisha, na ukibaki majini unaoza. Kijiji kinauza chakula chao kwenye vifuko, na hiyo ni fedha ambayo sikujutia. Baada ya hapo watoto wakajifunza kukaa kimya. Ndiyo, hao hao wangu. Kwa sababu ukikaa kimya kwenye kibaraza kile wanakuja: kindi anashuka kwenye shina kichwa chini, anasimama, mkia unatikisika, anaendelea. Gogota tulimsikia muda mrefu kabla ya kumwona, na kijana akaambiwa na mhudumu kwamba ule mpigo wa haraka haraka si wa kutafuta wadudu, bali ndege anatangaza eneo lake. Siku iliyofuata alikuwa akiwaeleza watoto wengine njiani kana kwamba amezaliwa nalo. Shughuli hii haina tiketi, haina saa ya kuanza, na ndiyo waliyoizungumzia zaidi tuliporudi.

Sasa bwawa, kwa sababu najua wengi mnakwenda kwa ajili yake. Ni zuri, sitalipunguzia sifa. Unaingia na joto linakupokea usoni, miwani inajaa mvuke, juu ni paa la kioo na pande zote ni mimea mikubwa. Kuna bwawa la mawimbi ambalo hupiga honi kabla ya mawimbi kuanza, na watoto wote, hata waliokuwa upande wa pili wa jengo, hukimbilia huko kwa pamoja. Kuna mitelezo ya maji, kuna kidimbwi cha vichanga chenye maji ya vuguvugu, na kuna mfereji wenye maji ya moto unaokutoa nje kabisa kwenye hewa ya baridi, mwili umo kwenye joto na kichwa kinaumwa na ubaridi. Mume wangu aliuzunguka mfereji huo mpaka vidole vyake vikakunjamana. Waokoaji walikuwa wengi, wametulia, macho kwenye maji na si kwenye simu, nawashukuru. Mitelezo mikubwa hupimwa kwa kimo na si umri, kwa hiyo mpimeni mtoto nyumbani na mwambieni ukweli kabla ya safari. Niliona mama mmoja akimbembeleza mwanawe aliyekataliwa juu kabisa ya ngazi, baada ya foleni ndefu, na lile lilikuwa linaepukika kwa kibao kikubwa cha kipimo chini ya ngazi badala ya juu.

Jumamosi mchana bwawa halifai. Watu wamebanana, makabati ya nguo yamekwisha, sakafu ya vyumba vya kubadilishia imelowa matope. Nendeni linapofunguliwa asubuhi, au jioni wakati familia nyingi zinakula. Bwawa limo ndani ya bei ya nyumba, hivyo hakuna haja ya kulikamua lote kwa mkupuo mmoja.

Shughuli nyingine karibu zote zinalipiwa peke yake, na hapa ndipo ninapowashauri wazazi mshike mfuko. Kupanda kwenye kamba kati ya miti, upinde na mishale, farasi, kupaka rangi vyungu, orodha haina mwisho, na kila kipindi ni kifupi. Tulimchagulia kila mtoto kimoja. Kijana alikwenda kwenye kamba, na ilikuwa thamani yake: anavishwa mkanda wa usalama unaonaswa kwenye waya mwanzoni na haunasuki mpaka ashuke mwisho wa njia, kwa hiyo hata mtoto asahau vipi, hawezi kujifungua akiwa juu. Nilimwona anasimama kwenye ubao wa tatu, magoti yanatetemeka, mikono miwili kwenye kamba. Mhudumu wa chini hakumsukuma kwa maneno. Alimwambia tu, "Chukua muda wako, hakuna anayekungoja." Akavuka.

Kipindi cha binti yangu kilikuwa hadithi nyingine. Sehemu kubwa ya muda tuliolipia ilikwenda kwenye maelezo, kugawa kofia na kusubiri waliochelewa. Nililalamika mapokezi, wakaniomba radhi kwa adabu, basi. Saa ya kulipiwa iwe saa ya kufanya kitu.

Tahadhari pia na ile bangili ya mkononi. Inafungua mlango wa nyumba, inafungua kabati la bwawani, na inalipia manunuzi. Bili unaiona mwisho. Kwa mtoto ni rahisi mno. Mapokezi wanaweza kuzima malipo kwenye bangili za watoto zikabaki funguo tu. Ombeni hivyo mnapofika, hawatawaambia wenyewe.

Baiskeli: kama mnazo, njooni nazo. Za kukodi zilikuwa za kawaida, na foleni ya kuzichukua siku ya kwanza ilikula jioni yetu. Jaribuni breki kabla ya kuondoka kituoni. Ya kwanza niliyopewa ilikuwa inateleza mteremkoni, wakaibadilisha bila ubishi. Njia ni za lami, pana, na kwa kuwa hakuna magari binti yangu alijifunza kupiga kona kwa mkono mmoja, akiwa na tabasamu la ajabu.

Nije kwa mama yangu, kwa sababu nilipokuwa natafuta maoni kabla ya kwenda sikupata aliyeandika kuhusu wazee. Msitu ule una vilima. Kutoka nyumba za pembezoni hadi katikati ni mwendo wa maana kwa mtu wa magoti. Unaweza kulipia kidogo zaidi uchague mahali pa nyumba, na kwa familia yenye mzee hiyo ndiyo nyongeza ya kwanza kununua, kabla ya kamba na mishale. Tulichagua ya karibu na katikati, isiyo na ngazi, yenye bafu la kuingia wima badala ya kuruka ukingo. Pia wanakodisha viti vya umeme vya magurudumu manne, lazima uagize kabla. Mama alikikataa siku ya kwanza. Siku ya pili alikuwa anakiendesha mbele ya baiskeli za wajukuu, akiwaambia, "Nifuateni, wanangu, msinipite." Kwa muda mrefu mama amekuwa ndiye anayesubiriwa kwenye kila matembezi yetu, na nilimwona akifurahi kuongoza. Pale pasipo na magari hakuna aliyeogopa kwa ajili yake.

Kasoro ambayo ningependa warekebishe haraka ni taa za njiani. Nafahamu kwa nini zimefifishwa: mwanga mkali husumbua popo na wanyama wa usiku, na mimi ni wa kwanza kutaka walindwe. Lakini pale njia inapokutana na ngazi, giza lilikuwa zito na hapakuwa na alama. Taa ndogo ya chini, inayomulika ukingo wa ngazi tu, isingemsumbua popo yeyote. Mpaka waiweke, kila mtu abebe tochi. Intaneti nyumbani ilikuwa dhaifu, na sitaiweka kwenye kasoro.

Bei, mwishowe, ndiyo inayouma. Nyumba ile ile hupanda sana likizo za shule zinapofika, na wikendi huwa ghali kuliko katikati ya wiki. Wenye watoto ambao hawajaanza shule mna bahati kubwa: chukueni Jumatatu hadi Ijumaa nje ya likizo, mtapata bwawa karibu tupu. Sisi wenye watoto wa shule tunabaki na wikendi za muhula, ambazo angalau hazijafikia kilele cha likizo. Pikeni wenyewe, nunueni vyakula kabla ya kufika kwa sababu duka la ndani halina mshindani, chagueni shughuli moja kwa kila mtoto, na fedha itakayobaki iwekeni kwenye mahali pa nyumba.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya ngazi zile za giza na kile kipindi cha binti yangu, na wakivirekebisha nitairudisha siku hiyo hiyo. Tumeshaweka nafasi nyingine, wikendi ya muhula, nyumba ile ile ya karibu na katikati, na kiti cha Bibi nimekiagiza tayari.