Injini ya 5L ya Japani kwenye Hiace na Hilux zilizotoka na 3L

Kati ya injini zote zinazowekwa kwenye Hiace na Hilux za miaka ya 1990 baada ya 3L kuchoka, 5L iliyotumika kutoka Japani ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. 3L na 5L ni majina ya injini za dizeli za Toyota, si lita. Ni ndugu wa tumbo moja. Silinda ya 3L ina upana wa milimita 96 na pistoni inasafiri milimita 96, jumla cc 2779. Kwenye 5L Toyota walipanua silinda hadi milimita 99.5, mwendo wa pistoni ukabaki 96, ikafika cc 2986. Haina turbo, na ile yenye pampu ya dizeli ya kawaida haihitaji kompyuta ndipo iwake. Usitegemee mbio. Unachopata ni nguvu ya chini: Hiace yenye abiria kamili ikianza kuupanda mlima Kitonga, zile cc 207 za ziada utazisikia.

Bloku inakaa pale pale ilipokaa 3L, na gia boksi inafunga vile vile. Kinachosumbua ni vitu vinavyoizunguka bloku. Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza unatangulia hata bei: usiiachie injini yako ya zamani. Muuzaji akikwambia atakupunguzia ukimwachia ile mbovu, mkatalie mpaka mpya iwake na gari litembee walau wiki moja. Utahitaji sampu yake (bakuli la oili chini ya injini), pengine manifoldi, mikono ya mauntini inayoshikilia injini kwenye gari, flaiwili (gurudumu zito la nyuma linalobeba klachi), hata bolti. Punguzo lile huliwa lote siku unaporudi dukani kutafuta sampu peke yake.

Dukani, anza na namba. Namba ya injini ianze na 5L. Neno la muuzaji si namba. Kisha tazama pampu ya dizeli. Ikiwa na mkono unaovutwa na kebo ya eksileta, ni ya kawaida, nayo ndiyo unayoitaka. Ikiwa haina mkono ila ina soketi nene ya waya, hiyo ni 5L-E, inayoongozwa na kompyuta. Wapo mafundi wanaoing'oa pampu hiyo na kupachika ya kawaida, na gari linatembea, lakini kazi hiyo lazima ipite kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia kiasi cha mafuta. Kama huna fundi huyo karibu, iache injini hiyo dukani. Soma pia vibao vya stata na alteneta, vyote viandikwe 12V.

Omba kupima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, kupitia matundu ya hita plagi (plagi zinazopasha moto injini kabla ya kuwaka). Injini nzuri hufika karibu bar 30. Chini ya bar 20 usinunue, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 5. Muuzaji akigoma kupimwa, nenda duka la pili. Vichwa (silinda hedi) vya ukoo huu wa L hupasuka vikichemka, hivyo kutu ndani ya njia za maji au utando wa oili ndani ya bomba la juu la maji ni sababu tosha ya kuondoka.

Injini nyingi za Japani zimetoka kwenye magari ya otomatiki, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimya kimya. Injini ya otomatiki haina flaiwili. Ina sahani nyembamba ya chuma. Watu wanakumbuka kuhamisha flaiwili, wanasahau beringi ya pailoti, ile ndogo inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi. Mulika tochi nyuma ya kranki, kwenye tundu la katikati. Ukiona tundu tupu, beringi haipo. Gari litawaka na litaondoka, lakini ncha ya shafti ya gia boksi itakuwa inaning'inia bila kushikwa: gia ya kwanza inaingia kwa kelele, klachi haiachii vizuri, na baada ya muda beringi ya mbele ya gia boksi inakufa. Fundi atalaumu klachi, mwenye gari atanunua klachi nyingine, na tatizo litabaki pale pale. Beringi yenyewe ni kitu kidogo cha bei ndogo. Bolti za ile sahani nyembamba nazo ni fupi kuliko za flaiwili, kwa hiyo tumia zile za injini yako ya zamani au nunua mpya. Kabla ya kufunga, weka klachi pleti juu ya flaiwili uone kama upana unalingana, kisha iingize kwenye shafti ya gia boksi kwa mkono. Iteleze bila kulazimishwa.

Sampu ya Hiace na ya Hilux hazifanani, na Hilux ya 4WD ina difu ya mbele inayopita chini ya injini, hivyo sampu yake ina umbo lake. Hamisha sampu ya zamani, na ihame pamoja na bomba la kunyonya oili, chujio lake, kijiti cha kupimia na bomba la kijiti. Vitu hivi vinne ni familia moja. Ukichanganya kijiti cha injini moja na sampu ya nyingine, kitasema oili imejaa wakati imepungua. Na bomba la kunyonya likiwa juu mno, oili hukimbia kwenye kona au mlimani na taa ya presha inawaka. Likigusa sakafu ya sampu, linajiziba. Bandika donge la udongo wa kuchezea watoto kwenye mdomo wa chujio, weka sampu na gasketi yake, kaza bolti nne kwa mkono, kisha ifungue. Udongo ulivyobanwa ndiyo nafasi yako. Milimita 6 hadi 10 inatosha.

Hita plagi zinafuata waya za gari, hazifuati injini. Kuna plagi za 12V na kuna za 6V. Zile za 6V zimetengenezwa kwa mfumo unaozipa umeme kamili sekunde chache tu, kisha unaupunguza. Ukiziacha kwenye Hiace ambayo waya zake zinapeleka 12V moja kwa moja, ncha zinavimba na kuungua, na kipande kikikatika kinaangukia ndani ya chemba. Soma maandishi kwenye plagi za zamani, nunua nne mpya za volti hiyo hiyo, ila urefu na uzi wake ulingane na zilizotoka kwenye 5L.

Manifoldi ya kuingiza hewa mara nyingi utahamisha ya zamani ili bomba la hewa lifike mahali pake. Ilaze gasketi ya 5L juu yake utazame kama matundu yanakutana. Lakini gasketi ya silinda hedi usiibahatishe hata kidogo. Ya 3L inaingia kwenye bolti za 5L bila tatizo, na huo ndio mtego, kwa sababu silinda ya 5L ni pana zaidi na ule ukingo wa chuma wa gasketi utachungulia ndani ya silinda. Nyingine tena, gasketi hizi huja kwa unene tofauti, zenye alama B, D na F. Fundi apime pistoni zinavyochomoza juu ya bloku ndipo achague. Taiming belti na tenshena yake, weka mpya bila kuuliza umri wa ile ya zamani. Ikikatika, vali zinagonga pistoni.

Rejeta isafishwe kabla ya injini kuingia. Hiace ina mabomba marefu ya maji na hewa hujificha humo, hivyo jaza maji gari likiwa limeinua pua. Halafu namba mpya ya injini iingizwe kwenye kadi ya gari, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, na risiti ya muuzaji itunzwe.

Siku ya kuwasha, chomoa waya wa solenoidi ya pampu (inayofungua njia ya dizeli) ili injini isiwake, piga stata kwa vipande vya sekunde kumi mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe waya na uwashe. Injini ikishapata moto, angalia vakyumu pampu, ile inayorahisisha breki, iliyo nyuma ya alteneta: bomba lake la kupokea oili na lile la kurudisha yasivuje wala kukunjwa. Kisha kanyaga breki mara tatu injini ikiwa inanguruma. Pedali ikibaki ngumu kama jiwe, vakyumu haifiki, na gari hilo lisitoke getini siku hiyo.