Usidanganyike na Wavu wa Chuma: Paipu Gani ya Petroli Uifunge Kwenye Injini Uliyoiongeza Nguvu

Wadau mambo vipi, karibuni. Leo nina vipande vinne vya paipu za petroli hapa mezani na nimevipasua vyote kwa urefu kama unavyopasua muwa, maana ukiviangalia kwa nje tu utaingia mkenge, mimi mwenyewe nimeshaingia.

Huu mweusi ndio mpira wa kawaida, ubavuni umeandikwa J30R7, hiyo ni namba ya kiwango cha paipu, unaona? Huo ni wa presha ya chini, mwisho wake psi 50 (psi ni kipimo cha presha) kwa saizi ndogo. Kabureta inataka psi 4 mpaka 7 hivi, kwa hiyo kwa kabureta hauna neno. Shida inaanza mtu akitoa injini ya kabureta akaweka ya injekta, presha inaruka mpaka 43 huko, akifunga na tabo (turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini) ndo balaa, kwa sababu regyuleta, yaani kidhibiti presha, inaongeza presha ya petroli kadiri tabo inavyopuliza, tabo ikipuliza psi 15 wewe uko 58, na mpira ni uleule wa zamani. Hapo hujajenga gari ndugu yangu, umejenga jiko.

Huu wa pili ni J30R9, ndani una utando wa Viton, mpira maalumu unaostahimili petroli, ndio wa injekta. Kwa gari la kutembelea kila siku mimi nasema huu unatosha kabisa, ila ufunge kwa klipu zenye ukingo uliokunjwa, zile za skrubu zenye matundu zinakula mpira.

Sasa huu wa tatu, huu ndio nilioukusudia leo. Wavu wa chuma, unang'aa, ukifungua boneti watu wanasema we jamaa hatari! Haya angalia ndani. Mpira. Mpira tu wa kawaida umevalishwa suti. Mimi niliufunga huu nikakaa nao miezi, ndani ya gari kunanuka petroli, nakaza viungo, nabadilisha wosha, fundi anakagua hapa na pale, hakuna tone linalovuja, kumbe mvuke unapenya kwenye ukuta wa paipu yenyewe! Na ubaya wa wavu ni kwamba mpira ukianza kupasuka ndani huoni kitu, paipu isiyo na wavu angalau utaona nyufa. Na kama unatumia E85, ile yenye ethanoli nyingi, mpira wa aina hii utachakaa haraka zaidi.

Wa nne ni tefloni, yaani PTFE. Kwa nje ni pacha wa ule wa tatu, ndo maana nasema pasua, au chungulia mdomoni. Huu haujali petroli wala ethanoli, harufu haipiti. Lakini kuna mtego: petroli ikikimbia ndani ya tefloni nyeupe inajenga umeme tuli, ule umeme ukitafuta njia unatoboa ukuta tundu dogo kama la sindano, na wewe una petroli yenye presha juu ya injini ya moto. Tafuta yenye kiini cheusi, ule weusi ni kaboni, unapeleka umeme kwenye viungo vya chuma. Viungo vyake ni vya kwake, vina kipete kidogo ndani ambacho ukishakikaza mara moja kimeisha kazi, ukifungua weka kipya. Na msiikunje kona kali, ikivunjika shingo hairudi. Halafu viungo vya AN, aina inayotumika sana kwenye paipu hizi, mdomo wake una mteremko wa digrii 37, msivipachike kwenye kiungo cha digrii 45 eti kwa sababu skrubu imeingia, vitavuja tu.

Shaba je? Hapana. Mtikisiko unaifanya ngumu mpaka inapasuka, tusipoteze muda.

Mimi kwangu chini ya gari nimepitisha bomba la chuma, huku mbele mpaka kwenye reli ya injekta ndo tefloni ya kiini cheusi, mbali na manifoldi ya egzosi. Ukimaliza kufunga washa pampu peke yake bila kuwasha injini, chukua tochi na tishu kavu, pangusa kiungo kimoja kimoja, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

Ngoja ninuse tena huu wa tatu, una wiki mbili tangu niutoe kwenye gari... duh. Bado!