Homoni za transijenda Mombasa: dawa zipo, daktari ndiye adimu

Mtu transijenda, yaani ambaye jinsia anayojitambua nayo si ile aliyoandikiwa alipozaliwa, akitafuta tiba ya homoni Mombasa hugundua jambo la ajabu kidogo: dawa zenyewe hazijajificha. Spironolaktoni, ambayo mwanamke transijenda (aliyeandikwa mvulana alipozaliwa) huitumia kuzuia homoni ya kiume, ni dawa ya moyo na presha, maduka makubwa ya dawa huwa nayo. Estradioli, homoni ya kike, huandikiwa akina mama waliokoma hedhi, na testosteroni ya sindano, homoni ya kiume, huandikiwa wanaume waliopungukiwa nayo. Anayekosekana ni wa kuandika, kupima damu na kurekebisha dozi miezi nenda miezi rudi. Kwa hiyo hapa huduma inapimwa kipande kwa kipande. Majina ya madaktari hayamo, kwa sababu anayetajwa hadharani huandamwa na maneno hadi akafunga mlango kwa wote.

Tuanze na mapokezi. Ukiuliza "daktari wa transijenda" unapoteza nauli, na foleni nzima inageuza shingo. Uliza daktari wa kisukari, kwani daktari wa homoni kwa kawaida ndiye huyo huyo. Kwa estradioli, daktari wa magonjwa ya wanawake anaijua dawa hiyo vizuri. Kwa testosteroni, wa njia ya mkojo. Piga simu kabla ya kulipa ada na uulize kama daktari anafuatilia homoni za muda mrefu kwa mtu mzima, na ni vipimo gani anavitaka mwanzo. Asiyetaja kipimo hata kimoja, usipoteze siku kwake. Jina lake pia litafutwe kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari nchini, mtandaoni, kuona kama leseni ya mwaka huu ipo. Wengine hudai barua juu ya barua kutoka kwa daktari wa akili. Mwongozo wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya transijenda, toleo la 8 la 2022, hautaki mlolongo huo: pale barua inapohitajika, moja inatosha.

Njia ya wengi ni Nairobi. Treni ya SGR kutoka Miritini ni shilingi 1,500 daraja la kawaida tangu Januari 2024, kwenda na kurudi 3,000, bado ada ya daktari na pa kulala. Mara moja inavumilika. Lakini mwaka wa kwanza damu hupimwa kila miezi mitatu, na hapo ndipo watu huchoka, wakaendelea kumeza bila kupima. Mpango unaostahili alama ya juu ni wa mchanganyiko: kumwona daktari ana kwa ana mara ya kwanza, kisha kuzungumza naye kwa simu ya video, damu itolewe Mombasa na majibu yatumwe kwa picha. Udhaifu wake uko kwenye karatasi ya dawa. Maduka mengi hukataa picha ya simu, na yana haki. Omba karatasi halisi yenye sahihi na mhuri, itumwe kwa kifurushi cha basi.

Maabara za hapa zinafanya kazi nzuri, ila majibu yake husomwa vibaya. Kosa kubwa ni vizio, yaani vipimio vinavyoandikwa pembeni ya namba. Shabaha ya estradioli kwa mwanamke transijenda ni 100 hadi 200 pg/ml, lakini maabara nyingine huandika pmol/L. Ili kupata pg/ml, gawanya kwa 3.67. Jibu la 400 pmol/L ni kama 109 tu, liko sawa kabisa. Daktari akilisoma kama pg/ml atakata dawa bila sababu. Testosteroni kwa mwanamke huyo iwe chini ya 50 ng/dl, sawa na 1.7 nmol/L. Kwa mwanaume transijenda ni takriban 300 hadi 1,000 ng/dl. Mashine huweka alama ya "juu" au "chini" kwa kufuata jinsia iliyoandikwa kwenye fomu, basi ile nyota pembeni ya namba isikutishe kabla hujajua imelinganishwa na nani. Mwanaume transijenda aangalie pia hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu: ikipita asilimia 54 damu imekuwa nzito na dozi hupunguzwa. Na tarehe ya sindano ya mwisho iandikwe kwenye fomu. Damu ya siku ya pili na ya siku ya kumi na tatu hazilingani hata kidogo.

Mezani pa duka la dawa kuna mitego miwili. Ampuli ya testosteroni huwa na mg 250 katika ml 1, na ikishavunjwa shingo haihifadhiki. Mchoma sindano, kwa kuogopa hasara, humaliza yote na kukwambia urudi baada ya mwezi. Wiki ya kwanza chunusi na hasira, wiki ya nne uchovu, na hedhi huweza kurudi. Nusu ml kila wiki mbili, iliyobaki ikatupwa, ni hasara ya shilingi lakini mwili unatulia. Sindano yenye kitako cha kijani ni ya kuvutia dawa, ya bluu ni ya kuchomea. Dawa hii imo ndani ya mafuta, nayo ni mazito. Mwenye mzio wa njugu karanga aseme mapema, kwa kuwa Sustanon, chapa mojawapo ya testosteroni ya sindano, imetengenezwa kwa mafuta ya njugu karanga.

Mtego wa pili ni vidonge vya kupanga uzazi, vinavyomezwa vitatu vinne kwa siku kwa kuwa ni rahisi na haviulizwi. Ndani yake mna ethinilestradioli, inayogandisha damu kuliko estradioli ya kawaida. Ubaya zaidi, kipimo cha kawaida cha estradioli hakiioni vizuri: majibu yanasema homoni iko chini, mtu anaongeza, na hatari inapanda.

Spironolaktoni nayo ina visa vyake katika mji wa joto. Inakojoza, jasho linamalizia, na mtu anasimama kwenye foleni ya feri ya Likoni akiona nyota. Pia inapandisha potasiamu, na madafu yamejaa potasiamu. Dafu moja moja si neno; matatu kila jioni kabla potasiamu haijapimwa ni kujitafutia matatizo ya moyo. Mwezi wa Ramadhani dozi mbili huhamia futari na daku, kwa ruhusa ya daktari.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, huenda damu imeganda: usisubiri daktari wa Nairobi apokee simu. Nenda chumba cha dharura kilicho karibu, taja dawa unayotumia na kipimo chake. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.