Okteni gani kwa rotari yenye turbo? Tumezipanga, kuanzia ya kujaza hadi ya kuikwepa

Kama gari lako ni Mazda ya rotari, yaani yenye injini ya rota zinazozunguka badala ya pistoni, iwe RX-7 ya toleo la FD, la FC lenye turbo, au Cosmo yenye turbo, na kompyuta ya injini haijawahi kuguswa, jibu ni fupi: jaza petroli isiyo na risasi ya RON 98 au zaidi (RON ni kipimo kimoja cha okteni, yaani uwezo wa petroli kushindiliwa bila kujiwasha), kila mara, kisha endelea na safari. Maelezo yanayofuata yanawahusu zaidi wale ambao hiyo 98 hawaipati kwa urahisi, waliokwisha kupandisha presha ya turbo, na wanaoanza kuzitamani zile chupa za kupandisha okteni zinazopangwa karibu na keshia.

Kabla ya kupanga chochote, hakikisha unasoma namba ya pampu inavyotakiwa, maana watu wengi hukosea hapo hapo. Ulaya na sehemu kubwa ya dunia, pampu huonyesha RON. Marekani huonyesha wastani wa RON na MON, kipimo kingine cha okteni. MON hupimwa injini ikizunguka kwa kasi zaidi na ikivuta mchanganyiko wa moto zaidi, kwa hiyo namba yake huwa ndogo na huushusha wastani. Matokeo yake, 93 ya Marekani ni karibu sawa na 98 ya Ulaya, na 91 yao ni kama 95 au 96. Mtu anayesoma ushauri wa Mmarekani kwamba "93 inatosha", halafu akajaza RON 95 akidhani amezidisha, kwa kweli amepunguza. Japani nayo ina viwango viwili: petroli ya kawaida isiyopungua RON 89 na ile ya juu isiyopungua 96. FD zilizouzwa kule ziliandaliwa kwa hiyo ya juu. Ukinunua gari lililotoka Japani, anza na kibandiko cha kifuniko cha tangi na kitabu cha gari, si maneno ya muuzaji.

Kuna imani kwamba rotari hupenda petroli hafifu. Haikutoka hewani. Katika injini hii hewa huingia upande mmoja na moto huwaka upande mwingine, hivyo eneo la kuvutia hewa halipati joto la mwako, tena hakuna vali ya ekzosi inayowiva hadi kuwa nyekundu. Rotari isiyo na turbo huvumilia okteni ya chini vizuri tu. Ila turbo hubadilisha hesabu. Hewa ikishindiliwa hupata joto, kisha inaingia kwenye injini yenye mgandamizo wa 9.0 kwa 1, kama ilivyo FD, na kushindiliwa tena. Hapo mchanganyiko unaweza kujiwasha wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia. Ndiko kugonga kwa injini.

Injini ya pistoni ikigonga, mara nyingi hukupa nafasi. Unasikia sauti, unaachia akselereta, unakwenda kwa fundi. Rotari ni mkorofi zaidi. Sili za ncha za rota ni vipande vyembamba vya chuma, unene wa milimita 2 kwenye FD, vinavyosukumwa na springi vigusane na ukuta. Wimbi la kugonga moja tu lenye nguvu linaweza kuivunja sili. Kipande kilichokatika hakibaki ndani: hukwaruza ukuta, hutoka na moshi na kugonga mapanga ya turbo. Kazi hiyo haiishi kwa kubadilisha gasketi, injini inashuka. Kihisi cha kugonga kinaweza kurudisha nyuma taimingi (wakati wa kuwasha cheche), lakini kinafanya hivyo baada ya kusikia, na pigo la kwanza limeshapita. Kwa sababu hiyo, katika orodha hii tumetazama nafasi ya usalama kuliko nguvu. Okteni ya juu peke yake haiongezi nguvu kwenye gari ambalo kompyuta yake haijui kuitumia.

1. RON 98 hadi 100, isiyo na risasi

Hii ndiyo ya kila siku. Inatosha kwa gari la kiwandani na kwa marekebisho ya wastani, haiharibu kihisi cha oksijeni wala katalisti, na haidai pampu wala nozeli mpya (vinyunyizio vya mafuta). Kati ya 98 na 100, chukua 100 kama ipo karibu. Kama haipo, usizunguke mji mzima kuitafuta, isipokuwa gari lilitengenezewa ramani ya kompyuta (maagizo ya kiasi cha mafuta na taimingi) kwa 100. Hapo namba hiyo si pendekezo tena, ni sharti. Na hili huwapata hasa wanaonunua gari lililokwisha kufanyiwa kazi Japani: lilirekebishwa kwa petroli ya juu ya kule, linashushwa bandarini, linajazwa 95, na mwenye gari hajui kwamba taimingi iliyomo ndani ina haraka kuliko petroli aliyonunua. Fundi aisome ramani hiyo kabla hujaliendesha gari kwa nguvu.

Chagua sheli yenye wateja wengi. Petroli ya juu huuzwa polepole, na katika kituo kisicho na foleni inaweza kukaa sana kwenye tangi la ardhini.

2. E85, kwa aliyejiandaa

Hii ni petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi. Kwa kuzuia kugonga, inaipita petroli yoyote ya pampu. Ethanoli ina okteni ya juu, na inapogeuka mvuke hufyonza joto jingi kutoka kwenye hewa inayoingia, jambo ambalo rotari yenye turbo inalihitaji sana. Ningeiweka ya kwanza bila kusita kwa gari lenye presha kubwa, pampu mpya, mabomba yanayostahimili ethanoli na kompyuta iliyoandikwa kwa ajili yake.

Tatizo ni ujazo. E85 inataka kama theluthi moja zaidi ya mafuta kwa hewa ile ile, na wakati mwingine zaidi ya hapo. FD ilitoka na nozeli za sisi (sentimita za ujazo) 550 na za sisi 850 kwa dakika, moja ya kila aina kwa kila rota. Zilipimwa kwa petroli, hazina akiba ya kiasi hicho ukikanyaga hadi mwisho. Ukimwaga E85 kwenye gari lisiloandaliwa, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani mafuta yanapungukiwa na hewa inazidi, na mchanganyiko mkavu chini ya presha huua rotari haraka kuliko okteni ndogo. Jambo jingine ambalo watu hulisahau: jina linasema 85, lakini Marekani ethanoli iliyomo inaruhusiwa kuwa kati ya 51% na 83% kulingana na majira na mahali. Bila kihisi cha ethanoli kinachoiambia kompyuta kilichomo kweli, unabahatisha. Na gari likilala miezi mingi, usiliache na E85 tangini, hunyonya unyevu.

3. RON 95, au 91 ya Marekani

Inakubalika, kwa masharti. Gari liwe la kiwandani kweli, presha isizidi ile ya kiwanda (FD ni kama 0.7 bar), interkula (kipoza hewa ya turbo) iwe nzima, na kitabu cha gari kikubali. Siku ya joto kali, kwenye mlima mrefu au kwenye foleni iliyoichemsha boneti, endesha kwa upole. Gari ambalo bomba la ekzosi limeshafunguliwa, yaani limewekewa njia pana ya moshi, haliingii hapa hata kama mwenyewe analiita la kiwandani: FD ikifunguliwa njia ya moshi, presha yake hupanda bila kuombwa.

Ukilazimika kujaza 95 kwenye gari la 98, kumbuka hesabu ya kuchanganya. Lita 20 za 95 zilizobaki, ukiongeza lita 40 za 98, hukupa takriban 97. Tangi moja jipya halirudishi namba yote, kwa hiyo subiri tangi la pili kabla ya kukanyaga.

4. Petroli ya mashindano isiyo na risasi

Nzuri kwa siku ya uwanjani, hasa pale ambapo injini hukaa kwenye presha raundi baada ya raundi bila kupumua. Barabarani ni anasa tu. Baadhi ya aina zina oksijeni nyingi, hivyo zinahitaji mafuta zaidi kidogo kuliko petroli ya kawaida. Muulize aliyeandika ramani kabla ya kuimwaga.

5. Petroli ya ndege, 100LL

Kuna mafundi wa zamani wanaoiapia, na kwa kuzuia kugonga hawakosei. Lakini ina risasi, ingawa LL ya jina lake (low lead) inadai ni kidogo. Risasi huua kihisi cha oksijeni na kuziba katalisti, na kompyuta ikipoteza kihisi hicho haijui tena mchanganyiko ukoje katika mwendo wa kawaida. Nchi nyingi pia haziruhusu kuitumia barabarani. Iache kwenye ndege.

6. Chupa za kupandisha okteni

Chupa ikiandika inaongeza "pointi 5", mara nyingi pointi moja ni sehemu ya kumi ya okteni. Basi 95 yako imekuwa 95.5, kama umefuata kipimo. Nyingi hutumia manganizi, na hiyo huacha utando wa rangi ya kutu kwenye plagi. Rotari ina plagi mbili kwa kila rota na zote hazipendi uchafu. Bei ya chupa chache, ukiipeleka kwenye tofauti kati ya 95 na 98, inanunua okteni ya kweli.

7. Petroli ya kawaida, RON 91 kushuka chini

Hapana. Ukikwama njiani bila kingine, weka lita chache za kukufikisha, angalia geji ya turbo na usiiruhusu ivuke sifuri. Usitegemee kitufe cha kupunguza presha, kwa sababu hakiwezi kushusha chini ya nguvu ya springi ya westigeti (vali inayopitisha moshi pembeni ya turbo). Mguu wako ndio udhibiti uliobaki. Baadhi ya majimbo ya milimani Marekani huuza petroli ya 85 kwa hoja kwamba hewa nyepesi hupunguza haja ya okteni. Hoja hiyo ni ya injini zisizo na turbo. Turbo hurudisha presha ile iliyopungua kwa mwinuko.

Kama unachanganya oili ya tu-stroki kwenye petroli ili kulainisha sili, endelea, ni desturi nzuri. Oili hushusha okteni, lakini kwa mililita 5 hivi kwa lita, kwenye 98 huwezi kuihisi. Wanaomimina kwa kukadiria macho ndio wenye shida.

Kingine: FD ya mwisho iliundwa 2002. Hata iliyo changa zaidi ina pampu, nozeli na mabomba ya mpira yenye umri. Pampu iliyochoka itakausha mchanganyiko, na hakuna okteni iliyoandikwa kwenye sheli yoyote itakayolifidia hilo. Kabla ya kulipia 100, mwambie fundi apime presha ya mafuta gari likiwa kwenye mzigo, si likiwa limesimama gereji linaunguruma.